Mwindaji, Upepo na Shanta: Sayansi ya Kuwinda katika Mapori ya Mashariki ya Marekani

Hapa kwetu, mtu akitajiwa mwindaji kutoka Marekani humfikiria tajiri aliyefika kwa ndege, anayezungushwa kwa gari ndani ya kitalu cha uwindaji, akiwa na wapishi, wabeba mizigo na mwongozaji wa kulipwa. Watu wa namna hiyo wapo, na fedha zao zina nafasi yake katika hesabu za uhifadhi wetu. Lakini si hao tunaokusudia kuwazungumzia katika makala haya. Huko kwao Marekani kuna mwindaji wa aina nyingine kabisa. Huyu huenda akawa mwalimu, fundi wa magari au mkulima. Ifikapo majira ya kupukutika majani hununua leseni kwa bei anayoimudu, hujitwika shanta lenye hema, chakula na mfuko wa kulalia, kisha huingia kwa miguu katika msitu wa umma mahali pasipo na barabara, akakaa humo siku tatu, nne au zaidi. Akijaliwa kupata mnyama, hana budi kumtoa msituni kwa mgongo wake mwenyewe.

Jambo hili linastahili kuangaliwa na wanafunzi wa sekondari kwa sababu ndani yake mna fizikia, biolojia, jiografia na hesabu, zote zikifanya kazi kwa wakati mmoja. Asiyezijua hulipa kwa njaa, kwa nyama iliyooza, na mara nyingine kwa uhai wake.

Misitu yenyewe

Mashariki ya Marekani, kuanzia jimbo la Maine upande wa kaskazini hadi Georgia upande wa kusini, imepitiwa na safu ya milima ya Appalachian. Kwa kipimo chetu si milima mirefu. Kilele kilicho kirefu kupita vyote, Mount Mitchell katika jimbo la North Carolina, kina meta 2,037 tu, yaani hakifikii nusu ya kimo cha Mlima Meru. Ugumu wa milima hii hautokani na kimo bali na mikunjo yake: mabonde membamba, miteremko mikali, vichaka vilivyosongamana, mvua na ukungu.

Mtu asidhani kwamba misitu hiyo imekaa bila kuguswa tangu kale. Kabla ya kuja Wazungu, Walenape, Wacherokee, mataifa ya Haudenosaunee na wengineo waliishi na kuwinda humo, na sehemu nyingi walichoma vichaka kwa makusudi ili majani machanga yaote na kuvuta wanyama. Wacherokee walio wengi walihamishwa kwa nguvu mwaka 1838, na maelfu walikufa. Pori linaloitwa leo tupu lilikuwa na wenyewe. Kufikia mwanzo wa karne ya 20 wafanyabiashara wa mbao walikuwa wamekwisha kata sehemu kubwa ya miti, mito ikawa inafurika, na ndipo Bunge la Marekani likapitisha Sheria ya Weeks mwaka 1911, iliyoiwezesha serikali kununua ardhi kwenye vyanzo vya mito. Vilima vilivyobaki visiki vitupu vikanunuliwa, na msitu ukaota upya.

Mwaka 1964 ikatungwa sheria ya kulinda mapori ya asili. Humo hapajengwi barabara, haliingii gari, wala hata baiskeli. Baadhi ya wakuu wa misitu walishikilia kwamba ardhi ya mashariki, kwa kuwa iliwahi kukatwa miti, haiwezi kuitwa pori la asili. Bunge halikukubaliana nao, na sheria nyingine iliyotiwa sahihi Januari 1975 ikatenga mapori 16 katika misitu ya mashariki. Mengine yameongezwa baadaye. Pori la Cranberry katika jimbo la West Virginia, kwa mfano, lilitengwa mwaka 1983 na kupanuliwa mwaka 2009, na sasa lina hekta zipatazo 19,000. Kaskazini zaidi, katika jimbo la New York, iko Hifadhi ya Adirondack iliyoanzishwa mwaka 1892. Eneo lake lote ni kama kilomita za mraba 24,000, kubwa kuliko Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ingawa zaidi ya nusu yake ni ardhi ya watu binafsi. Katika mapori yaliyo ndani ya misitu ya taifa, uwindaji huruhusiwa kwa kufuata sheria za jimbo. Katika hifadhi kama Great Smoky Mountains hauruhusiwi hata kidogo.

Mnyama na chakula chake

Mnyama awindwaye zaidi ni yule ambaye wataalamu humwita Odocoileus virginianus. Watafsiri wengi humwita kulungu, na jina hilo huwapotosha wanafunzi. Kulungu wetu ni wa jamii moja na ng'ombe na mbuzi. Pembe zake hazidondoki, na hukua maisha yake yote. Mnyama wa Marekani ni wa jamii nyingine, ambayo kusini mwa Sahara haina mwakilishi wa asili hata mmoja. Pembe za dume ni mfupa mtupu, hudondoka kila mwaka baada ya majira ya kupandana na kuota upya. Tutamwita ayala, jina ambalo wasomaji wa Zaburi wanalijua, na kwa kuwa akikimbia huinua mkia wenye manyoya meupe upande wa chini, tumwite kwa ukamilifu ayala mkia-mweupe.

Karibu na mwaka 1900 ayala walikuwa wamebaki nusu milioni hivi au pungufu katika nchi nzima, kwa sababu waliwindwa bila kikomo ili nyama na ngozi ziuzwe sokoni. Sheria ya Lacey ya mwaka 1900 ilipiga marufuku kusafirisha kutoka jimbo hadi jimbo wanyama waliouawa kinyume cha sheria, na majimbo yakakataza biashara ya nyama ya porini. Mwaka 1937 ikaja sheria ya Pittman na Robertson, ambayo hutoza kodi ya asilimia 11 juu ya bunduki ndefu na risasi, na fedha hizo hugawiwa majimbo kwa kazi za wanyamapori. Hivi leo makadirio huwataja ayala wapatao milioni 30.

Msomaji atasema, basi kumpata mmoja ni kazi rahisi. Sivyo, walau si ndani ya pori kuu. Ayala hucheua kama mbuzi, lakini ni mlaji mchaguzi: hutafuta machipukizi, majani laini na matunda. Msitu uliokomaa hufunika ardhi kwa kivuli, na penye kivuli kizito majani ya chini ni haba. Kwa hiyo ayala ni wengi zaidi pembezoni mwa mashamba na miji kuliko katikati ya pori, na mwindaji aliyetembea kilomita 8 kuingia ndani anawatafuta wanyama wachache waliotawanyika katika eneo kubwa. Hawezi kukaa popote na kungoja. Lazima ajiulize: wiki hii wanakula nini, na wapi?

Jibu mara nyingi ni njugu za mwaloni. Na hapa botania huingia kazini. Mialoni ya kundi jeupe huchanua katika majira ya kuchipua, na njugu zake hukomaa vuli ya mwaka uleule. Mialoni ya kundi jekundu huchukua miaka miwili. Maana yake ni kwamba jalidi ikiua maua ya Aprili au Mei mwaka huu, njugu za mialoni myeupe zitakosekana vuli hii, ilhali zile za mialoni myekundu zitapungua mwaka ujao. Ayala hupendelea njugu za mwaloni mweupe kwa kuwa zina tanini kidogo na hazina uchungu mwingi. Mwindaji mwenye kumbukumbu ya hali ya hewa ya miaka miwili anaweza kukisia, akiwa bado nyumbani, ni miteremko ipi itakuwa na chakula.

Zamani kulikuwa na mti uliozaa kwa uhakika zaidi, nao ni mchesnati wa Marekani, ambao huchanua Juni na Julai, jalidi ikiwa imekwisha pita. Mwaka 1904 ugonjwa wa ukungu uliotoka Asia ulionekana katika bustani ya wanyama ya Bronx mjini New York. Katika muda wa miaka hamsini hivi ukungu huo uliangamiza miti inayokadiriwa kufikia bilioni 4. Sijui mfano mwingine unaoonyesha vizuri zaidi jinsi shehena moja ya miche ya bustani inavyoweza kubadili chakula cha dubu, ayala na bata mzinga katika nusu ya bara.

Kwa nini kwenda mbali?

Utafiti uliofanywa katika misitu ya jimbo la Pennsylvania umeonyesha kwamba idadi ya wawindaji hupungua upesi kadiri mtu anavyoiacha barabara, na hupungua zaidi penye mteremko mkali. Kwa hiyo sehemu za ndani huwa na madume walioishi miaka mingi, na hilo ndilo huwavuta wabeba shanta. Lakini kuna sababu nzito kuliko pembe kubwa.

Mbwa mwitu na puma, ambao zamani waliwala ayala, walitoweshwa kutoka karibu misitu yote ya mashariki. Pasipo wao, na pasipo mwindaji, ayala huongezeka hadi msitu ushindwe kujizaa. Kati ya mwaka 1980 na 1990 wataalamu wa misitu wa serikali walifanya jaribio kaskazini-magharibi mwa Pennsylvania ambalo kila mwalimu wa biolojia angelifurahia. Walizungushia uzio vipande vya msitu na kuweka humo ayala kwa viwango vinne, kuanzia kama 4 hadi 25 kwa kilomita ya mraba, kisha wakangoja miaka kumi. Palipokuwa na ayala wengi, miche ya miti mingi ililiwa ikiisha kuota, na ardhi ikatawaliwa na madege na mimea mingine isiyopendwa na ayala. Jambo ambalo huenda wasomaji hawakulitarajia ni la ndege. Miongoni mwa ndege wanaojenga viota katika matawi ya kati, aina zilipungua kwa asilimia 27, na idadi yao kwa asilimia 37, kutoka kiwango cha chini hadi kiwango cha juu cha ayala. Ndege hao hawaliwi na ayala. Kilicholiwa ni nyumba yao.

Upepo wa mlimani

Sasa tufike kwenye jambo ambalo mwindaji hulifikiria kila dakika. Ayala anaweza kuliona umbo la mtu akaendelea kula, mradi mtu huyo hatikisiki. Anaweza kusikia kijiti kikivunjika akasimama tu kusikiliza. Lakini akiinusa harufu ya binadamu huondoka bila kuuliza. Pua yake ndiyo mlinzi wake mkuu, na kinachoipelekea pua hiyo habari ni hewa. Basi swali la mwindaji ni moja: hewa iliyonigusa mimi inakwenda wapi?

Katika nchi tambarare jibu ni rahisi, fuata upepo. Mlimani hewa ina mwendo wake yenyewe. Usiku ardhi ya mteremko hupoteza joto kwa mnururisho, na hewa iliyogusana nayo hupoa. Hewa ya nyuzi 0 za Sentigredi ina uzito wa kilo 1.29 hivi kwa kila meta ya ujazo. Ile ya nyuzi 10 ina kilo 1.25. Tofauti hii ni ya asilimia tatu na kitu tu, lakini yatosha. Hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteleza polepole kuelekea bondeni kama maji yanavyofuata mfereji, hupita katika vijito vikavu, na hutuama penye mabwawa ya ardhi. Jua likiisha kuchomoza na kuupasha mteremko, mambo hugeuka: hewa iliyo karibu na ardhi hupata joto, hutanuka, hupungua uzito na kupanda. Jioni hugeuka tena.

Wakazi wa miteremko ya Kilimanjaro na Uluguru wanaujua mwendo huu bila kufundishwa, maana moshi wa jikoni huwaonyesha kila siku. Mwanafunzi anaweza kuupima mwenyewe. Achukue kijiti cha udi, asimame kwenye mteremko ulio wazi saa kumi na mbili asubuhi siku tulivu, aandike moshi unaelekea wapi. Arudie saa nne, saa nane na saa kumi na mbili jioni. Wawindaji wa Appalachian hawatumii udi, kwani harufu yake ingewafichua, bali huachia unga laini au nyuzi nyepesi za mbegu na kuzifuata kwa macho zikielea.

Kutokana na kanuni hii moja hutoka maamuzi mengi. Alfajiri, hewa ikiwa bado inashuka, mwindaji hukaribia kutoka chini ya mahali anapodhani ayala wapo. Hewa ikiisha kugeuka, huwa juu yao. Mteremko unaotazama mashariki hugeuka mapema, ule wa magharibi hukawia saa nzima au zaidi, kwa hiyo kilima kimoja huwa na hewa inayopanda upande huu na inayoshuka upande wa pili kwa wakati uleule. Wakati mbaya kuliko wote ni ule wa kugeuka, ambapo hewa haina mwelekeo, huzunguka na kurudi. Wazoefu wengi wakati huo hukaa wametulia mbali na mahali penye wanyama. Na siku yenye upepo mkali wa jumla kanuni ya mteremko huzidiwa nguvu. Upepo hupanda kilima upande mmoja, na ukivuka kilele hufanya mzunguko upande wa pili kama maji nyuma ya jiwe mtoni. Ayala dume hupenda kulala hapo, nyuma ya kilele, ambapo hunusa yaliyo nyuma yake na kuyaona yaliyo mbele yake. Hakusoma fizikia, lakini mahali alipochagua pangempatia alama zote.

Juu ya macho nitasema kwa ufupi. Sheria za majimbo mengi humtaka mwindaji wa bunduki avae rangi ya chungwa iwakayo ili wenziwe wasimpige risasi kwa kumdhania mnyama. Wanafunzi huuliza, je, ayala hamuoni? Jicho la binadamu lina aina tatu za seli za koni, la ayala lina mbili, moja kwa mwanga wa buluu na nyingine kwa mwanga wa kijani. Hana inayotambua vizuri mawimbi marefu ya nyekundu na chungwa. Vazi lile linalowaka machoni petu, kwake ni hafifu kama majani makavu. Kinyume chake, buluu huiona vizuri sana, kwa hiyo suruali ya jinzi ni mbaya kuliko koti la chungwa.

Majira nayo hayabahatishwi. Katika latitudo ya 41 kaskazini, mchana mrefu wa Juni hupita kidogo saa 15, na mfupi wa Desemba huzidi kidogo saa 9. Dar es Salaam tofauti yote haifiki saa moja. Urefu wa mchana ndio unaoamsha homoni za ayala, ndiyo maana kupandana hutokea Novemba karibu tarehe zilezile kila mwaka, kuwe na baridi au joto. Mimba huchukua siku 200 hivi. Hesabu mwenyewe, utaona kwamba watoto huzaliwa mwishoni mwa Mei na Juni, majani yakiwa mengi. Mwezi huo wa Novemba dume husahau tahadhari yake na kutembea mchana.

Baridi inayoua

Novemba katika milima hiyo si wakati wa barafu kali. Mara nyingi ni nyuzi chache juu ya sifuri, pamoja na mvua, na hali hiyo ina hatari kuliko theluji kavu. Maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa tulivu. Nguo ya pamba ikilowa, hewa iliyokuwa imefungwa kati ya nyuzi hutolewa na mahali pake hushikwa na maji. Tena, kila kilo ya maji inayovukizwa huhitaji kilojouli 2,400 hivi. Ikiwa mtu amelowa nusu lita ya jasho na mvua, na mwili ndio unaoikausha, hupoteza kilojouli 1,200, sawa na nishati iliyomo katika gramu 80 za unga wa mahindi. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mtu hutetemeka, vidole havimtii, kisha akili huanza kumpotea, na mwenye akili iliyopotea hatambui kwamba imepotea. Mwindaji aliye peke yake hana wa kumwambia.

Ndiyo maana huvaa sufu au nyuzi za viwandani, ambazo hubaki na hewa ndani hata zikilowa. Ndiyo maana pia hupanda mlima polepole, nguo za joto zikiwa ndani ya shanta badala ya mwilini, ili asifike juu akiwa na jasho halafu akakaa kimya saa tatu. Maji ya kunywa huyachemsha au kuyachuja, kwa kuwa hata kijito cheupe kama kioo huweza kuwa na vijidudu vya giadia. Chakula hukitundika juu ya mti, mbali na hema, kwa ajili ya dubu weusi.

Kupotea nako kuna hesabu yake. Katika sehemu za kaskazini za milima hii ncha ya dira hupotoka nyuzi 12 hivi magharibi ya kaskazini halisi. Asiyeisahihisha, akitembea kilomita 5, atakuwa ameikosa hema yake kwa kilomita moja na zaidi. Katika mabonde hayo simu za mkononi mara nyingi hazipati mawasiliano, na chombo cha setilaiti hutegemea betri, ambayo baridi huidhoofisha.

Kazi baada ya risasi

Mwindaji wa barabarani huburuta mnyama hadi kwenye gari. Kwa wa ndani, kazi ngumu huanza mnyama akiisha kuanguka, na mashindano yake ni dhidi ya bakteria. Mwili wa ayala una nyuzi 38 au 39. Bakteria wengi wa kuozesha huzaliana upesi kati ya nyuzi 5 na 60. Katika hali nzuri kabisa kwao baadhi huongezeka maradufu kila dakika 20. Saa nne zina vipindi 12 vya namna hiyo, na 2 kwa kipeo cha 12 ni 4,096.

Joto lazima litoke, nalo hulindwa na ngozi yenye manyoya ya majira ya baridi, ambayo yana hewa ndani yake. Kwa hiyo ngozi huvuliwa. Lakini haitoshi. Muda wa joto kupenya kutoka katikati ya kipande cha nyama hadi nje hulingana na mraba wa unene wake. Paja lenye unene wa sentimeta 16 likikatwa kuwa vipande vya sentimeta 8, kila kipande hupoa kwa robo ya muda. Mwindaji hutenga miguu, hutoa nyama mifupani, na kuitia katika mifuko myepesi ya pamba ambayo huzuia inzi na kupitisha hewa. Huitundika kivulini, uso wa nyama ukauke na kufanya utando ambao bakteria hawaupendi. Pamba iliyokuwa adui mwilini mwa mtu hapa ni rafiki. Kuna hasara yake pia: misuli ikitolewa mfupani kabla ya kukakamaa hujikunja na nyama huwa ngumu. Mwenye nafasi, usiku ukiwa wa baridi, huacha mapaja yatundikwe na mifupa hadi kesho yake. Siku ya joto hachagui.

Sasa mzigo. Dume la kilo 70 hutoa nyama tupu ya kilo 25 hivi. Vyombo vya kambi ni kama kilo 15, jumla 40. Mwindaji mwenye kilo 75 akipanda nao kimo cha meta 300, kazi ya kuinua ni kilo 115 mara 9.8 mara 300, yaani kilojouli 338. Misuli hugeuza chini ya robo ya nishati ya chakula kuwa kazi, kwa hiyo mwili hutumia kilojouli 1,400 au zaidi kwa kupanda tu, pasipo kuhesabu magogo, utelezi na mwendo wa tambarare. Nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari huko, nilitwikwa shanta la uzito huo na mwenyeji wangu. Nilitembea nalo hatua mia moja hivi, nikalitua kwa heshima zote.

Wengi hupendelea safari mbili. Lakini hebu wanafunzi wafikiri: ikiwa barabara iko kilomita 6, safari mbili si kilomita 12 bali 18, kwani lazima kurudi mtupu. Kwa safari n na umbali d, mwendo wote ni (2n − 1) × d. Safari tatu ni kilomita 30. Mwindaji mwenye busara hufanya hesabu hii kabla ya kuvuta kifyatulio, tena akitazama kipimajoto. Ikiwa ni nyuzi 20 na yuko peke yake kilomita 10 ndani, humwacha ayala apite.

Kutoa nyama mifupani kumepata sababu nyingine ambayo wazee wa zamani hawakuijua. Mwaka 1967 katika jimbo la Colorado ulionekana ugonjwa wa kukondesha ayala na jamaa zake, ambao ulibainika baadaye kusababishwa na prioni, yaani protini iliyokunjwa vibaya ambayo huzikunja nyingine vivyo hivyo. Haina uhai, kwa hiyo haifi; kupika hakuiharibu, na hukaa udongoni miaka mingi. Ugonjwa ulifika Wisconsin mwaka 2002, West Virginia na New York mwaka 2005, na Pennsylvania mwaka 2012. Hakuna binadamu aliyethibitishwa kuupata, lakini wenye mamlaka ya afya hushauri nyama ya mnyama mgonjwa isiliwe. Prioni hujikusanya zaidi katika ubongo, uti wa mgongo na tezi, na majimbo mengi hukataza kuvitoa viungo hivyo katika maeneo yenye ugonjwa. Mbeba shanta ambaye huacha mifupa mlimani kwa sababu ya uzito huondoka na nyama iliyo safi zaidi kwa upande huo, ingawa huviacha porini viungo vyenye hatari ikiwa mnyama aliugua.

Kinachobaki mlimani huliwa na kunguru, dubu na tai, na hapo ndipo penye tatizo ambalo wawindaji bado wanabishana juu yake. Risasi ya madini ya risasi ikigonga mfupa hupasuka kuwa chembe ndogo mno zinazotawanyika katika nyama na matumbo. Asidi ya tumbo la tai huziyeyusha. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2022, uliohusu tai 1,210 kutoka majimbo 38, ulikuta kwamba karibu nusu yao walikuwa na dalili za sumu hiyo ya muda mrefu katika mifupa. Risasi za shaba huhimili mgongano bila kusambaratika hivyo, na hupatikana, ingawa mara nyingi kwa bei ya juu. Katika misitu ya umma ya mashariki, mahali pengi sheria haimlazimishi mwindaji wa ayala kuzitumia. Uamuzi umeachwa mikononi mwake, dukani, kabla hajafunga shanta.